Kitanda Ambacho Haralampie Hakukitengeneza

Kijijini kwetu, ukimwazima Haralampie kitu, hakirudi kama kilivyokwenda. Mimi nilimwazima ngazi ya kuchumia cheri, ikarudi ina mguu mmoja unaorefuka na kufupika, kwa sababu shamba langu liko mteremkoni na yeye alikuwa amechoka kuniona nikiwekelea mawe. Mama yangu alimpelekea ndoo ya kisimani iliyopasuka. Alipoirudisha ilikuwa na kizibo cha mpira kitakoni: unaikalisha juu ya pipa, kizibo kinasukumwa, maji yanashuka yenyewe bila mtu kuinamisha ndoo. Mama alikuwa na kiwiko kibovu, na hakuwa amemwambia mtu.

Zamani alikuwa fundi wa pampu katika shamba la ushirika. Shamba lilipovunjwa, pampu zikauzwa kama vyuma chakavu, naye akabaki na mikono isiyo na kazi. Jirani yake, Bi Agafia, Haralampie alimtengenezea kigoda cha kukamulia mbuzi chenye mguu mmoja tu, kinachofungwa kiunoni kwa mkanda, ili asihangaike kukihamisha kutoka mbuzi huyu hadi yule. Asubuhi moja Bi Agafia akakisahau mwilini, akaenda nacho dukani, mguu umemtoka nyuma kama mkia.

"Geuka kidogo, Bi Agafia, tukuone vizuri," watu wakamwambia.

"Chekeni tu. Nyinyi mkichoka foleni mtaendelea kusimama."

Akakaa chini pale pale katikati ya duka, akakunja mikono.

Mkewe Haralampie aliitwa Evdochia. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuchoka na utani, yote mawili. Sisi ugali wetu tunaukata kwa uzi, si kwa kisu, na Haralampie alimfungia uzi ule kwenye tawi la mzabibu lililopinda kama upinde, ili vidole visiungue.

"Ukishamaliza vyombo vyote," Evdochia alimwambia mbele yangu, "nadhani utanigeukia mimi."

"Wewe nimekuangalia kila upande, Dochia. Sioni pa kuanzia."

Akampiga begani kwa kitambaa cha jikoni. Ndivyo walivyokuwa.

Halafu mishahara ikawa inalipwa kwa magunia ya sukari, kisha ikawa hailipwi kabisa. Wanawake wa Moldova wakaanza kwenda Italia kulea wazee wa watu. Mimi nilikuwa nimenunua gari dogo la mizigo na abiria, na katika nyumba zilizopungukiwa na mama hapa kijijini, wengi wa mama hao niliwabeba mimi. Evdochia alipanda gari langu vuli ile binti yao, Ruxanda, alipokuwa anaingia sekondari. Haralampie alibeba begi lake, akaona zipu haina pa kushika, akatoa waya mfukoni akaitengenezea kishikio pale pale, gari likiwa linanguruma.

"Mwaka mmoja tu," Evdochia akasema.

"Mwaka mmoja," naye akajibu, hakuinua macho kutoka kwenye ile zipu.

Alikwenda bila karatasi za kibali, na asiye na karatasi akishaingia hatoki, maana akitoka harudi tena. Kwa hiyo mwaka ukawa miaka. Alipata kazi Padova, kwa ajuza mmoja mjane aliyeitwa Signora Ersilia, ghorofa ya tatu, mitaa ya nyuma ya stesheni.

Miezi ya kwanza Haralampie hakugusa kitu. Kila Jumapili baada ya kanisa simu ilikuwa inalia, wanazungumza habari za mbuzi, za Ruxanda, za mvua huku na mvua kule. Kisha kimya. Ruxanda aliniambia kimya hicho kilikuwa kirefu kuliko maneno, na kwamba baba yake alikuwa akikisikiliza mpaka mwisho, kipokeo sikioni, kama mtu anayesikiliza injini.

Jumapili moja Evdochia akalalamika. Mikono ya Signora inatetemeka, supu yote inaishia kifuani, na bibi wa watu ana kiburi, hataki kulishwa. Analia na kijiko mkononi.

"Kikubwa kiasi gani, hicho kijiko?" Haralampie akauliza.

Siku ya pili yake nilimkuta mezani na sahani ya supu ya maharage. Ameshika kijiko chenye mpini wa mti wa plamu, mnene, ndani yake ameficha bolti ya trekta ili kiwe kizito. Na kile kikombe cha kijiko hakikushikamana na mpini, kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari mdogo, kikijisawazisha chenyewe.

"Sava, karibu. Nishike kiwiko unitikise."

"Nini?"

"Nitikise, mdogo wangu. Mimi ni bibi."

Nikamtikisa. Supu ikaruka mpaka dirishani. Akapunguza kidogo hapa, akaongeza hapa, nikamtikisa tena. Tulifanya hivyo mpaka sufuria ikaisha na shati lake likawa la kufuliwa, na mara ya mwisho kijiko kilifika mdomoni kimejaa. Alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu siku ile ya zipu.

Nilikipeleka Padova. Jumapili magari yetu yanajipanga kwenye uwanja karibu na stesheni, wanawake wanakuja kuchukua vifurushi vya kwao na kuleta vya kupeleka kwao. Wiki iliyofuata Evdochia alikuja mbio, mashavu mekundu.

"Mwambie amekula! Amekula sahani nzima, akaniambia nitoke jikoni, eti anataka kula peke yake kama mtu mzima!"

Tangu hapo Jumapili zao zikawa haziwatoshi. Evdochia anaeleza kinachomshinda Signora, Haralampie anauliza. Anaamka upande gani wa kitanda? Anashika wapi akitaka kusimama? Akinywa chai anainua kidevu? Hawezi kukiinua, shingo imekakamaa? Basi akatengeneza kikombe kilichokatwa ukingo upande mmoja, ili pua ipate pa kupita na kichwa kisilazimike kurudi nyuma. Akatengeneza bati lililokunjwa kama mfereji la kuvalia soksi bila kuinama. Akatengeneza ubao wa kukalia unaozunguka, ili bibi aingie bafuni akiwa amekaa na kutoka akiwa amekaa.

Evdochia hakuwa na futi ya kupimia. Akawa anapima kwa nyuzi za sufu alizokuwa akifumia: nyekundu kimo cha kitanda, kijani upana wa mlango, njano toka kitini hadi mezani, na fundo pale kipimo kinapoishia. Ananipa nyuzi zimo ndani ya soksi. Haralampie anazitundika kwenye misumari ya banda lake, zinaning'inia pale kama shanga za bibi harusi.

Lakini hakuweza kubuni kitu cha mahali asipopaona. Ndipo akaanza kujenga.

Siku niliyoingia bandani sikuelewa ninachokiona. Amesafisha sakafu, amesimamisha mbao kama kuta, zinanifika kifuani. Huku meza, huku sinki la mbao, huku kiti cha mkono. Milango imekatwa kwa vipimo vyake.

"Vua viatu," akaniambia.

"Kwenye banda?"

"Signora hapendi viatu sakafuni."

Nikavua. Akanitembeza. Hapa chumba cha bibi, hapa bafu, angalia, mlango unafungukia ndani, ndiyo maana ule ubao wa kwanza ulikwama. Alipofika kwenye lile sinki akasimama, akaweka mikono juu yake.

"Hapa ndipo anapooshea vyombo. Bibi yuko nyuma yake kwenye kile kiti. Akitaka kumpa maji anageuka hivi." Akageuka. Akabaki amegeuka, mkono umenyooka mbele ya kiti kisicho na mtu. Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu nilivyokuwa nimevivua.

Bi Agafia naye alikuja kuchungulia, na habari hazikukaa.

"Wanaume wengine wakiwakumbuka wake zao wanakunywa divai," alitangaza dukani. "Huyu jirani yangu kajenga choo."

Walimcheka sana. Wakawa wanamuuliza Italia kuna baridi gani leo. Yeye anawajibu kwa upole, kuna ukungu, Dochia kasema, na hakuwa anatania.

Ruxanda aliolewa. Karatasi za Evdochia zilikuwa zimetoka mwaka ule ule, akaja kwa harusi, siku chache zilizojaa wageni na sahani, hata kukaa wawili hawakukaa. Haralampie alifunga banda kwa kufuli akarundika majani ya mbuzi mlangoni. Niliuliza kwa nini hamwonyeshi.

"Ataona mimi ni mwendawazimu."

"Kijiji kizima kinajua wewe ni mwendawazimu, kaka."

"Kijiji sawa. Yeye bado."

Evdochia akarudi Padova, kwa kuwa Signora alikuwa hawezi tena kumkubali mtu mwingine, na Evdochia hakuwa na moyo wa kumwacha. Zikaja simu zenye picha. Kila Jumapili Haralampie alikuwa anaona uso wa mkewe, na nyuma yake kabati jeupe, siku zote lile lile. Aliniuliza kabati hilo liko chumba gani, maana kwenye banda lake halikuwa na mahali. Sikujua. Mimi nilikuwa naishia uwanjani, juu sijawahi kupanda.

Walipofungua mipaka kwa watu wetu, ikawa pasipoti mpya inatosha, nilikwenda kumgongea dirisha.

"Kaka Haralampie, sasa huna kisingizio. Panda."

Alipanda na kisanduku cha vifaa mapajani, shati jipya limefungwa mpaka kooni. Tangu jeshini hakuwa ametoka nje ya wilaya yetu.

Nilimsindikiza mpaka ghorofa ya tatu kwa sababu ya vifurushi. Evdochia akafungua mlango. Walisimama wakatazamana kama watu waliogongana njiani na kila mmoja anangoja mwenzake apishe. Kisha Evdochia akamshika kola ya shati, akafungua kishikizo kimoja, akasema, "Utajinyonga." Ndiyo ilikuwa salamu yao.

Haralampie akavua viatu. Akaingia jikoni bila kuonyeshwa, akaizunguka kona ya meza bila kuigusa, akasimama mbele ya kile kiti cha mkono. Ndani yake alikuwa amekaa kikongwe mdogo kama ndege, kikombe kilichokatwa ukingo mkononi. Akasema jambo kwa Kitaliano.

"Anauliza ndiwe?" Evdochia akatafsiri.

"Mwambie ndiyo."

Bibi akamkagua, kuanzia mikono. Akasema tena, kwa ukali.

"Anasema umechelewa. Bomba la bafu linavuja tangu Pasaka." Evdochia akaanza kucheka. "Na anasema pua yake inakushukuru."

Haralampie alitengeneza bomba kabla ya kunywa kahawa. Baadaye bibi alisinzia kitini, jua la mchana likiwa miguuni mwake. Mimi nilikuwa bado jikoni na kikombe changu, mlango uko wazi. Evdochia alikuwa anamwonyesha mumewe kochi la sebuleni, kwamba atalala pale.

"Na wewe je?"

"Mimi mahali pangu papo."

"Papo wapi?"

Nikasikia magurudumu madogo yakilia. Kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba cha Signora, lilisimama lile kabati jeupe, na kutoka nyuma yake Evdochia alivuta kitanda cha kukunja. Katikati kilikuwa kimebonyea kama sufuria, na shimo hilo alikuwa amelijaza kwa mto wa zamani na sweta. Pale ndipo alipokuwa akikaa kila Jumapili, uso kwenye simu, kabati mgongoni.

Haralampie alikitazama, kisha akaitazama korido nzima.

"Kwenye banda langu hapa hapana kitu," akasema.

"Banda gani?"

Basi ikabidi amweleze. Alimweleza vibaya, kwa kusitasita, kuhusu mbao na milango na sinki, na jinsi anavyosimama pale. Nilidhani Evdochia atacheka. Hakucheka.

"Uliniletea nyuzi za kila kitu," Haralampie akasema. "Za kiti, za bafu, hata za kikombe. Za hiki mbona hukuniletea?"

"Ungekitengeneza."

"Ningekitengeneza, ndiyo! Ni springi mbili na msumari mmoja wa ribiti, Dochia. Miaka yote hii unalala kwenye shimo!"

"Shh, utamwamsha." Kisha akaongeza, taratibu, "Ungekitengeneza kikawa kizuri, unavyojua wewe. Nami ningelala. Sikutaka kulala vizuri huku. Niliogopa nikizoea sitarudi."

Nikaiweka chini kahawa yangu nikatoka kimya kimya, viatu mkononi.

Haralampie alikaa huko mpaka safari yangu iliyofuata. Alirekebisha droo, akarekebisha dirisha la jikoni, akamfungia Signora kengele ya baiskeli kwenye kiti, na kwa ajili ya kengele hiyo Evdochia anamlaani mumewe mpaka leo. Tuliporudi, tulivuka nchi nzima ya Hungaria amekumbatia kisanduku chake cha vifaa. Karibu na mpaka wa Romania akasema:

"Kile kitanda kinalia upande wa kushoto."

"Ungeigonga tu hiyo ribiti."

"Nyundo nilikuwa nayo mkononi. Alikuwa amekwenda sokoni, bibi amelala. Nikapiga magoti kabisa." Akageukia dirisha. "Nikainuka."

Signora Ersilia alifariki miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa Februari, kitandani mwake, Evdochia akiwa amemshika mkono ule uliokuwa ukitetemeka. Baada ya mazishi wajukuu walitaka nyumba. Evdochia alishuka uwanjani na begi moja. Nilifungua mlango wa mbele ili akae karibu nami, naye akalia njia nzima mpaka milimani, kilio cha chini kisicho na kelele.

Nilidhani mateso yameisha. Tulipofika, Haralampie alikuwa amepaka chokaa nyumba nzima katikati ya baridi, na Bi Agafia ameleta jibini, amevaa hereni. Siku hiyo ilikuwa nzuri. Baada ya hapo nikawa napita mara kwa mara, nikaona mambo.

Evdochia alikuwa anakaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu atakayeitwa sasa hivi. Akisikia mbuzi amegonga bati anainuka nusu. Aliniuliza jambo kwa Kitaliano bila kujijua, kisha akafunika mdomo. Jumapili moja walinikaribisha chakula. Alimpakulia mumewe nyama, akachukua kisu, akaanza kuikata. Aliikata vipande vidogo, vidogo kabisa, vya mtu asiye na meno, akavisogeza katikati ya sahani, akampa. Haralampie ana meno yote. Aliitazama sahani, akachukua uma, akala kipande kimoja kimoja mpaka vikaisha, huku akinihadithia habari za mizabibu.

Evdochia aliona alichokifanya tulipokuwa tumekwisha kula.

"Mungu wangu," akasema. "Nimekukatia."

"Nyama ilikuwa laini," Haralampie akajibu.

Evdochia alipomwomba amfungulie banda, mimi nilikuwepo, tulikuwa tunashusha magunia. Haralampie aliondoa majani, akafungua kufuli, masikio yamemwiva kwa haya. Evdochia akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipita chumba cha bibi, akapita bafu, akaingia jikoni. Pale penye korido Haralampie alikuwa amechora kwa chaki kwenye sakafu umbo la kitanda kidogo, hakuweka kitu. Evdochia aliiruka ile chaki kwa hatua ndefu, kama mtu anayemkwepa aliyelala. Alisimama mbele ya sinki la mbao. Kisha akageuka upande wa kiti cha mkono, na pale ndipo alipokaa sakafuni, akamlilia Signora Ersilia kwa sauti, kwa jina, kwa lugha ya kule.

Haralampie alibaki mlangoni, mikono imelegea.

"Sava," aliniambia chini chini, "kwa hili sina cha kumtengenezea."

"Nenda ukakae naye, kaka."

Akaenda akakaa naye sakafuni. Alimuuliza, nilisikia, "Niambie alikuwa anapenda kula nini." Naye akaanza kumwambia.

Hiyo sasa ni miaka mingi kidogo. Mbao za banda walizitoa majira ya kuchipua, wakatumia nyingine kwa zizi la mbuzi. Evdochia amenenepa, anacheka, anagombana na Bi Agafia kuhusu kuku. Haralampie hubuni vichache siku hizi, macho yamepungua. Lakini mimi bado nakwenda na kurudi, na kila nikirudi nawakuta langoni, wawili.

"Umepita Padova?" Evdochia ananiuliza kabla sijazima injini.

"Nimepita, shemeji."

"Mtaa wetu vipi?"

Mtaa wetu, ndivyo anavyosema. Nilikuwa nadhani Haralampie neno hilo linamuuma, mpaka siku moja Evdochia alipokuwa ndani, yeye akaegemea dirisha la gari akaniuliza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama wale wakazi wapya wameweza kulifungua lile dirisha la jikoni, maana wakati wa mvua linahitaji kusukumwa kwanza juu.

Nilimwambia nitakwenda kuangalia. Niliendesha mpaka ule mtaa kwa ajili yake, nikasimama chini nikainua shingo. Lilikuwa wazi, na kuna mtu alikuwa ametundika shati pale nje likauke. Niliporudi nikawaeleza pale langoni.

"Shati la rangi gani?" wote wawili wakaniuliza.

"La bluu," nikawaambia, nao wakawa wanatazamana, wanalifikiria.